Avogadro: mwanasheria aliyewafundisha wakemia kuhesabu kisichoonekana

Amedeo Avogadro alifariki dunia mjini Turin, kaskazini mwa Italia, tarehe 9 Julai mwaka 1856, akiwa amebakiza mwezi mmoja tu kutimiza miaka 80. Wakemia wa Ulaya wakati huo walikuwa wakibishana juu ya swali moja kubwa, na ni wachache mno miongoni mwao waliotambua kwamba mzee aliyezikwa ndiye aliyekwisha kulijibu, miaka 45 nyuma.

Leo jina lake hutajwa katika kila darasa la kemia, iwe Kigoma, Mombasa, Muscat au London. Mwanafunzi anayetakiwa kukokotoa masi ya moli ya maji huchukua hidrojeni mbili, kila moja ikiwa na 1, akajumlisha oksijeni moja yenye 16, akapata gramu 18. Ni hesabu ya nusu dakika.

Lakini 16 hiyo ilitoka wapi? Na nani aliyejua kwamba ndani ya maji mna hidrojeni mbili na wala si moja? Hapakuwa na mizani ya kupimia atomu moja, wala darubini ya kuionyesha. Kulipata jibu kuliichukua sayansi ya kemia takriban nusu karne, na sehemu kubwa ya muda huo jibu lilikuwa limekwisha kuchapishwa, likisubiri msomaji.

Ukoo wa sheria

Lorenzo Romano Amedeo Carlo Avogadro alizaliwa Turin tarehe 9 Agosti 1776. Italia kama nchi moja ilikuwa bado haijakuwapo. Turin ulikuwa mji mkuu wa ufalme wa Sardinia. Baba yake, Filippo, alikuwa mwanasheria mwenye cheo kikubwa, na ukoo wao ulikuwa umeshika kazi za mahakama kwa vizazi kadhaa. Hata jina lenyewe la Avogadro huhusishwa na neno la uwakili.

Kijana huyo hakuonyesha dalili ya kutoka katika njia hiyo. Mwaka 1796, akiwa na umri wa miaka 20, alipata shahada ya udaktari katika sheria za kanisa, akaanza kazi ya uwakili.

Sayansi ilimjia baadaye, na kwa mlango wa pembeni. Kuanzia mwaka 1800 hivi alianza kujisomea hisabati na fizikia. Mwaka huo huo Alessandro Volta, Mtaliano mwenzake, alitangaza betri yake ya kwanza, na habari za umeme zikawavutia wengi wenye elimu. Avogadro na ndugu yake Felice wakaandika juu ya umeme, na mwaka 1804 Avogadro akapokewa na Chuo cha Sayansi cha Turin kama mwanachama mwandishi.

Mwaka 1809 aliteuliwa kufundisha fizikia katika chuo kimoja cha mji mdogo wa Vercelli. Ni huko, mbali na maabara kubwa za Paris, London na Stockholm, ndiko alikoandika makala iliyobeba jina lake hadi leo.

Moja au mbili?

Ili kuelewa alichokifanya, hatuna budi kurudi kwa mwalimu mmoja wa Manchester, Uingereza. John Dalton alikuwa amefundisha tangu mwaka 1803 kwamba kila elementi imeundwa na atomu zake zenye uzito maalumu, na kwamba atomu hizo huungana kwa idadi kamili.

Wazo lilikuwa zuri, ila lilikuwa na tundu. Mkemia aliweza kuyatenganisha maji na kuona kwamba oksijeni iliyomo ina uzito wa mara nane ya hidrojeni. Je, hiyo ina maana kwamba atomu ya oksijeni ni nzito mara nane ya ile ya hidrojeni?

Inategemea idadi. Ikiwa maji ni atomu moja ya kila upande, oksijeni ni 8. Ikiwa kila oksijeni moja imeshikwa na hidrojeni mbili, oksijeni ni 16. Anayepima kwa mizani peke yake hawezi kujua lipi ni la kweli, kama vile mtu aliyeambiwa uzito wa gunia la nazi asivyoweza kutaja uzito wa nazi moja bila ya kujua zimo ngapi.

Dalton aliamua kukisia. Pasipo sababu ya kufikiri vingine, alisema, na tuchukue muungano ulio rahisi kuliko wote, yaani moja kwa moja. Maji kwake yakawa hidrojeni moja na oksijeni moja. Kwa kuwa vipimo vyake navyo vilikuwa hafifu, katika kitabu chake cha mwaka 1808 aliiandikia oksijeni 7.

Mwaka huo huo wa 1808, Mfaransa Joseph Louis Gay-Lussac alitangaza jambo la ajabu kuhusu gesi. Gesi zinapoungana, ujazo wake hufuata namba ndogo kamili. Lita mbili za hidrojeni na lita moja ya oksijeni, katika joto na kanieneo moja, hutoa lita mbili kamili za mvuke wa maji.

Dalton hakuyapenda matokeo hayo. Aliona mara moja yanakoelekea, na akayakataa.

Makala ya mwaka 1811

Avogadro aliyapokea. Katika makala yake, iliyochapishwa mwaka 1811 kwa Kifaransa katika jarida la fizikia la Paris, alianza na dai moja: gesi zozote zenye ujazo sawa, zikiwa katika joto na kanieneo moja, zina idadi sawa ya chembe.

Kwa mtu asiyezoea jambo hili, dai hilo linashangaza. Ni kama kusema kwamba debe la nazi na debe la mchele yana idadi sawa ya vipande. Lakini katika gesi chembe ziko mbali mbali mno kiasi kwamba ukubwa wa kila moja hauna uzito katika hesabu. Kinachojaza chombo ni nafasi iliyo baina yao.

Kutokana na dai hilo yalifuata mambo mawili.

La kwanza ni lile lililomtisha Dalton. Ikiwa lita moja ya oksijeni inatoa lita mbili za mvuke, basi kila chembe ya oksijeni imetoa chembe mbili za maji. Kwa hiyo imegawanyika katikati. Dalton aliyeamini kwamba atomu haigawanyiki aliona huo ni upuuzi. Avogadro alisema kinachogawanyika si atomu: chembe ya gesi ya oksijeni ni jozi, atomu mbili zilizoshikana, na hali kadhalika hidrojeni na naitrojeni. Tofauti baina ya atomu na molekuli, ambayo leo ni somo la wiki ya kwanza, imeanzia hapa.

La pili ndilo linalohusu mizani. Ikiwa lita ya gesi hii na lita ya gesi ile zina idadi sawa ya molekuli, basi ukipima uzito wa lita zote mbili umekwisha kulinganisha uzito wa molekuli moja na nyingine. Huhitaji kujua zimo ngapi. Idadi, kubwa iwavyo, iko pande zote mbili, nayo hujifuta yenyewe.

Avogadro hakuwa fundi wa majaribio, hivyo alichukua vipimo vya watu wengine. Hewa ikihesabiwa kuwa 1, hidrojeni ilikuwa 0.07321 na oksijeni 1.10359. Akagawanya, akapata kwamba molekuli ya oksijeni ina uzito wa mara 15 na kidogo ya molekuli ya hidrojeni. Kwa naitrojeni alipata 13 na kitu. Namba tunazotumia leo ni 16 na 14. Kasoro haikutoka kwenye fikra zake. Hidrojeni, gesi nyepesi kuliko zote, ilikuwa ngumu kupimwa, na kipimo alichopewa kilikuwa kimezidi kidogo.

Kisha akaendelea hadi kwenye maji. Akajumlisha oksijeni na hidrojeni mbili, yaani 15 na 2, akapata 17, akagawa kwa mbili kwa kuwa oksijeni moja hutoa chembe mbili za maji: 8 na nusu, kwa kulinganisha na molekuli ya hidrojeni. Tukiandika kwa desturi ya leo, ambapo molekuli ya hidrojeni huhesabiwa kuwa 2 na si 1, hiyo ni 17. Mwanafunzi wa leo huandika 18. Mwalimu wa Vercelli, pasi na maabara, alikuwa amekosea kwa moja tu.

Miaka ya ukimya

Ni rahisi kusimulia yaliyofuata kama kisa cha mnyonge aliyedhulumiwa na wakubwa. Ukweli haukuwa hivyo kabisa.

Wakubwa walikuwepo. Jöns Jacob Berzelius wa Sweden, mkemia aliyeheshimiwa kuliko wote wakati huo, alifundisha kwamba atomu huungana kwa sababu moja ina umeme chanya na nyingine hasi. Kwa nadharia hiyo atomu mbili za namna moja haziwezi kushikana, kama vile ncha mbili zinazofanana za sumaku zisivyoshikana. Jozi za Avogadro hazikuwa na mahali pa kukaa.

Lakini Avogadro naye alichangia. Uandishi wake ni mzito. Neno atomu halitumii. Kila kitu kwake ni molekuli ya aina hii au ile, na msomaji hulazimika kukisia ipi ni ipi. Hakuwa na majaribio yake mwenyewe ya kuonyesha. Na hakuishia kwenye gesi alizoweza kuzithibitisha. Aliendelea kukisia juu ya vitu visivyo gesi, jambo lililowapa wenye shaka sababu ya kuyaweka yote kando. Mfaransa André-Marie Ampère alipotoa wazo linalofanana mwaka 1814, wengi wakalihesabu kuwa lake.

Walijaribu wengine. Jean-Baptiste Dumas wa Paris alibuni mwaka 1826 njia ya kupima mvuke wa vitu vinavyochemka kwenye joto kali, akitarajia kupata uzito wa atomu kwa kanuni hiyo. Zebaki ikampa nusu ya namba iliyotarajiwa. Fosforasi ikampa mara mbili. Salfa ikampa mara tatu. Akakata tamaa.

Tunajua sasa kwamba vipimo vyake vilikuwa sahihi. Kosa lilikuwa kudhani kwamba kila elementi hutembea wawili wawili. Mvuke wa zebaki ni atomu moja moja, wa fosforasi ni nne nne, na wa salfa katika joto lile ni sita sita. Kanuni ya Avogadro ilikuwa ikimwambia ukweli, naye akaona inamdanganya.

Maisha ya Avogadro yaliendelea kimya kimya. Alioa, akalea watoto, na mwaka 1820 akapewa uprofesa wa kwanza wa fizikia ya hisabati katika Chuo Kikuu cha Turin. Haukudumu. Mwaka 1821 yalizuka machafuko ya kisiasa dhidi ya mfalme, na baada ya kuzimwa kwake nafasi hiyo ya uprofesa ikafutwa. Avogadro akarejea kwenye kazi za sheria.

Nafasi hiyo iliporudishwa mwaka 1832 alipewa kwanza Mfaransa Augustin Cauchy, mwanahisabati mashuhuri, ambaye hakukaa. Avogadro akairudia mwaka 1834 na kuishika hadi mwaka 1850. Katika miaka hiyo alichapisha kitabu cha fizikia cha juzuu nne, akashiriki pia katika kazi za serikali za takwimu na za kuleta vipimo vya mita na kilo katika eneo lake la Piemonte. Hakusafiri sana, hakugombana na mtu, wala hakulipigia debe jina lake.

Wakati huo kemia ilikuwa imegeuka vurugu. Baadhi waliandika oksijeni 8 na kaboni 6, wengine 16 na 12. Kampaundi moja ilikuwa na fomyula tofauti kwa kila profesa. August Kekulé wa Ujerumani aliweza kuorodhesha fomyula 19 zilizopendekezwa kwa asidi iliyomo ndani ya siki, kitu ambacho kila mpishi anacho jikoni.

Kijitabu cha Karlsruhe

Kekulé na wenzake ndio walioitisha mkutano wa wakemia katika mji wa Karlsruhe, Ujerumani, tarehe 3 hadi 5 Septemba 1860. Ulikuwa mkutano wa kwanza wa kimataifa wa fani hiyo, na ulihudhuriwa na zaidi ya wakemia 100. Avogadro alikuwa kaburini mwaka wa nne.

Aliyesimama kumsemea alikuwa Stanislao Cannizzaro, Msicilia wa miaka 34, mwalimu wa Genoa. Huyu hakuwa mtu wa ukimya. Alishiriki katika mapinduzi ya Sicily ya mwaka 1848, na yaliposhindwa akakimbilia Ufaransa. Aliporejea na kuanza kufundisha, aligundua kwamba hawezi kuwaeleza wanafunzi fomyula ambazo yeye mwenyewe hazielewi. Mwaka 1858 akachapisha muhtasari wa masomo yake.

Njia yake ilikuwa nyepesi. Chukua kampaundi nyingi zenye kaboni zinazoweza kugeuzwa gesi. Pima kila moja ni nzito mara ngapi kuliko hidrojeni, zidisha kwa mbili, na hapo umepata uzito wa molekuli yake. Kisha tafuta kaboni ni sehemu gani ya uzito huo.

Gesi itokayo kwenye jiko la mkaa lisilopata hewa ya kutosha, ile inayoua watu waliolala chumba kilichofungwa, ina 28, na ndani yake kaboni ni 12. Gesi tunayoitoa kwa pumzi ina 44, kaboni ni 12. Methani, gesi ya samadi, ina 16, kaboni ni 12. Ethilini, ile inayoivisha ndizi, ina 28, kaboni ni 24. Hupati 6 popote, wala 18. Basi 12 ndiyo kaboni moja.

Mkutano wenyewe haukupitisha uamuzi wa maana. Lakini watu walipokuwa wakiagana, Angelo Pavesi, rafiki wa Cannizzaro, aligawa nakala za muhtasari ule. Mjerumani Lothar Meyer aliweka yake mfukoni, akaisoma safarini na kuisoma tena nyumbani, na shaka zake zikamtoka. Mrusi mwenye umri wa miaka 26, Dmitri Mendeleev, aliandika barua nyumbani kueleza aliyoyasikia. Mwaka 1869 Mendeleev alizipanga elementi kwa kufuata uzito wa atomu zake, na jedwali hilo ndilo lililotundikwa kwenye kuta za madarasa hadi leo. Kwa namba za zamani lisingepangika.

Idadi, si uzito

Neno moli lilikuja mwishoni mwa karne ya 19 kutoka kwa Mjerumani Wilhelm Ostwald. Ni neno la kuhesabia, kama dazeni ilivyo 12 na korija ilivyo 20, isipokuwa idadi yake imechaguliwa ili uzito wa molekuli uliokokotolewa usomeke moja kwa moja kwa gramu. Moli ya maji ni gramu 18. Moli ya glukosi, yenye kaboni 6, hidrojeni 12 na oksijeni 6, ni 72 na 12 na 96, yaani gramu 180.

Faida yake inaonekana kwenye pakiti ya ORS, ile dawa ya unga anayochanganyiwa mtoto anayehara. Katika mchanganyiko uliopendekezwa na Shirika la Afya Duniani na UNICEF mwaka 2002, lita moja ya maji ina gramu 13.5 za glukosi. Gawa kwa 180, unapata moli 0.075. Sodiamu, inayotokana na chumvi ya kawaida na chumvi ya sitreti, nayo ni moli 0.075, ingawa uzito wake haufiki hata gramu 2.

Usawa huo si bahati. Ukuta wa utumbo huipokea sodiamu pamoja na glukosi, na maji hufuata, hivyo wataalamu walitaka idadi ya chembe za glukosi isipungue ile ya sodiamu. Mwili wa mtoto huhesabu chembe. Hakuna mfamasia anayeweza kuzihesabu moja moja. Huzipima kwa mizani, akiamini kwamba 180 ni 180.

Mwaka 1865 Josef Loschmidt wa Austria alikuwa wa kwanza kukadiria ukubwa wa molekuli, na kwa hiyo wingi wake. Mwaka 1909 Jean Perrin wa Ufaransa, aliyeihesabu kwa njia kadhaa na baadaye, mwaka 1926, kutunukiwa tuzo ya Nobel, alipendekeza idadi ya chembe katika moli iitwe kwa jina la Avogadro. Tangu tarehe 20 Mei 2019 idadi hiyo imewekwa kisheria katika vipimo vya kimataifa: 602,214,076 ikifuatiwa na sifuri 15.

Avogadro hakuwahi kuijua, wala hakujaribu kuikisia. Katika makala ya mwaka 1811 haimo namba yoyote ya namna hiyo. Mna 15 ya oksijeni, 13 ya naitrojeni, na maji yaliyopungukiwa na moja.